Mgonjwa karudishwa nyumbani: namna ya kuzungumza naye kuhusu kifo, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale, yatoke Uyole, Mafinga au Makete, huku Nyanda za Juu Kusini. "Daktari kasema turudi naye tu nyumbani. Tumwambie au tumfiche?" "Mama kaniuliza kama atapona, nimjibu nini?" "Baba hajasema lile shamba la Kilolo ni la nani. Nitamuulizaje asione kwamba namsubiri afe?" Nimekuwa nikiyajibu kwa simu, nje ya kanisa baada ya ibada, hata ndani ya daladala tumebanana. Nayaandika hapa kwa ajili ya yule anayeuguza, maana ndiye mwenye kazi.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa ambaye hospitali imeshasema ugonjwa wake hautibiki tena: saratani iliyosambaa, ini, figo, moyo uliochoka. Kama daktari hajasema hivyo, usijipe wewe kazi ya kutangaza. Na jambo nitakalolikazia kupita yote ni hili: uliza kwanza, sema baadaye. Familia nyingi zinahangaika jinsi ya kumpa mgonjwa habari ambayo anayo tayari. Ameona ng'ombe ameuzwa. Ameona mdogo wake katoka Dar siku ya Jumanne wala si sikukuu. Amesikia mazungumzo yakikatika jikoni kila anapokohoa.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

*Taarifa kamili kutoka hospitali.* Muulize daktari au muuguzi mambo matatu, na uyaandike: ugonjwa umefika wapi, nini kitegemewe wiki zijazo, na nani apigiwe simu usiku hali ikibadilika. Usikubali kuondoka na "muombeeni tu".

*Maumivu yaliyotulizwa.* Hakuna mazungumzo na mtu anayesaga meno. Ulizia huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya ugonjwa usiotibika, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako au hospitali ya misheni iliyo karibu. Hospitali kadhaa za KKKT, kanisa la Kilutheri, zimekuwa na huduma hiyo kwa miaka mingi, na nyingine hufuata wagonjwa hadi nyumbani. Kama ameandikiwa morfini ya maji, mpe kwa saa zilizoandikwa, usingoje mpaka alie. Ikitumika kwa kipimo alichoandikiwa, morfini haimuui mgonjwa. Itakachofanya ni kumfungia choo, kwa hiyo dai na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

*Mtu mmoja wa kuongoza mazungumzo.* Si lazima awe kifungua mimba wala mwenye pesa. Awe yule ambaye mgonjwa humwita anapotaka maji.

*Daftari.* La shule linatosha.

*Mahali pako pa kulia.* Tafuta rafiki, shangazi, mzee wa kanisa au ustadhi ulie kwake kwanza. Kulia mbele ya mgonjwa si kosa. Ila ukimfanya yeye akubembeleze kila jioni, umempa kazi nyingine.

Hatua ya 1. Kaeni ndugu kwanza, kikao kifupi

Kabla hujaongea na mgonjwa, ongea na wenzako. Kubalianeni mambo mawili tu: hatutamdanganya akiuliza, na hatutamlazimisha kusikia asichouliza. Msianze kugawana viwanja kwenye kikao hiki. Walio mbali wapigieni simu usiku huo huo, maana ndugu asiyeshirikishwa ndiye atakayeshuka kwenye basi siku ya mwisho na kusema mgonjwa arudishwe hospitali.

*Kosa la kawaida:* kumwachia mgonjwa aone wazi kwamba kikao kilimhusu na yeye hakuitwa. Akiuliza mlikuwa mnasema nini, mwambie: "Tulikuwa tunapanga jinsi ya kukuuguza vizuri, na tunataka na wewe useme."

Hatua ya 2. Subiri mlango anaoufungua mwenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hupita bila kuona.

Wazee wa huku hawasemi "nakufa". Wanazungumzia shamba. Mzee ameketi kwenye kiti cha uvivu, blanketi magotini, baridi ya Njombe ya mwezi wa sita, anaangalia mabua, halafu anasema, "Mwakani hapa pangefaa viazi." Anasema pangefaa, hasemi nitapanda. Au mama anakuambia, "Huyu ndama mpelekeni kwa mjomba wenu." Au asubuhi, ukimpa uji: "Nimemwota marehemu bibi yenu, kasimama hapo mlangoni."

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni "Ah, mama, usiseme hivyo, utapona tu." Linatoka kwa upendo, nalijua, na ndilo linalofunga mlango. Mgonjwa anaelewa kwamba wewe huna nguvu ya kusikia, basi anakuonea huruma na kunyamaza. Anaweza kunyamaza hivyo mpaka mwisho.

Badala yake, rudisha swali taratibu:

"Kwa nini unasema hivyo, mama?"

"Ndama umemfikiria kwa mjomba. Kuna kingine unakifikiria?"

"Bibi alisemaje?"

Kisha endelea na kazi ya mikono. Mazungumzo haya yanakwenda vizuri zaidi mkipukuchua mahindi au kuchambua maharage kuliko mkikaa kutazamana. Macho yakiwa kwenye ungo, ulimi unalegea.

Kuhusu ndoto za waliotangulia: msikimbilie kuita watu wa kukemea. Ni za kawaida sana kwa watu wanaokaribia mwisho. Madaktari wa hospisi moja (nyumba ya kuuguzia walio karibu na mwisho) huko Buffalo, Marekani, wamewauliza wagonjwa wao kuhusu ndoto hizi kwa miaka, na wamekuta kwamba ndoto za ndugu waliokufa humfariji mgonjwa zaidi ya nyingine. Ikiwa zinamtisha na kumnyima usingizi, hapo mweleze muuguzi.

Kama siku zinapita na mlango haufunguki, mtumie mjukuu. Sisi tunao utani wa babu na wajukuu, na kuna maswali ambayo mtoto wa kumzaa hawezi kuyauliza bila kukosa adabu, lakini mjukuu anayauliza akicheka: "Babu, ukituacha, bibi nitamwoa mimi, au?" Babu atacheka mpaka akohoe, halafu mara nyingi atasema kitu cha kweli. Wewe uwe karibu usikie.

Hatua ya 3. Uliza anachokijua, kisha anachotaka kujua

Maswali mawili, kwa mfuatano huu. Usiyageuze.

La kwanza: "Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" au "Kule hospitali walikuelezaje?" Mwache amalize. Utashangaa ni mara ngapi jibu litakuwa, "Mimi najua, nawaangalia tu nyie."

La pili: "Ungependa nikueleze yote waliyosema, au niendelee kuongea nao mimi na kaka?" Wapo watakaosema, "Ongeeni nyie, mimi niacheni." Hiyo ni haki yake. Uliza tena baada ya siku kadhaa, maana watu hubadilika.

*Angalizo:* usimuulize mbele ya wageni waliokuja kumjulia hali. Mbele ya watu mzee atasema "Mungu mwema, naendelea vizuri", na baada ya hapo itakuwa vigumu kwake kuyafuta maneno hayo.

Hatua ya 4. Sema kweli, kipande kwa kipande

Akitaka kujua, sema kwa sentensi fupi. "Daktari anasema dawa za kuuondoa ugonjwa zimekwisha. Zilizobaki ni za kukutuliza." Simama hapo. Ngoja. Akiuliza "Kwa hiyo nakufa?", usikwepe na usipige hotuba: "Wanaona hivyo, mama. Na sisi tuko hapa hapa."

Usitaje miezi wala wiki kama daktari hajataja, na hata akitaja, sema kwa upana: "Huenda ni wiki, si miaka." Ukimpa mtu tarehe, familia nzima itaanza kuhesabu.

Kisha nyamaza. Dakika nzima ya ukimya ni ndefu sana ukiwa ndani yake, lakini usiijaze na mistari ya Biblia wala habari za jirani aliyepona kwa mizizi.

Nadharia kidogo, maana kila aliyepita chuoni huniuliza kuhusu "zile hatua tano": kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali. Zilitoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyekaa na wagonjwa mahututi Chicago na kuandika juu yao mwaka 1969. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa kuwauliza wenyewe, wakati madaktari wenzake walikuwa wakipita vitanda vyao bila kusimama. Lakini zile hatua si ngazi. Mtu anaweza kukubali asubuhi, na mchana akamtuma kijana kupeleka mahindi yake kwa dalali, kwamba msimu ujao anataka mbegu mpya. Usimsahihishe. Akiamka na mipango, panga naye. Akiamka na kifo, kaa naye hapo.

Hatua ya 5. Maneno manne yasiyotakiwa kubaki

Nisamehe. Nimekusamehe. Asante. Nakupenda.

Madaktari wa tiba shufaa wa nchi nyingi huyataja haya manne. Kwetu la nne ni zito mdomoni, hasa kwa baba na mtoto wa kiume. Basi lisemwe kwa namna yetu: "Baba, ulitusomesha kwa ulanzi na mbao, hatujasahau." Kumkata kucha, kumpaka mafuta miguuni, kumchemshia maji ya kuoga kabla jua halijazama, yote hayo ni lugha. Ila la kwanza na la pili yasemwe kwa mdomo. Ugomvi wa mpaka wa shamba wa miaka ishirini haumalizwi kwa kupaka mafuta. Mwiteni huyo jirani. Mara nyingi anakuja, tena alikuwa anangoja kuitwa.

Hatua ya 6. Tengenezeni mambo ya nyumba

Sasa daftari lifanye kazi. Anza na jepesi, umalizie na zito.

*Madeni na wadaiwa.* Nani anadaiwa, nani anatudai, kwenye VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) ana hisa ngapi, namba ya siri ya simu ya pesa anataka aijue nani.

*Mahali pa kuzikwa.* Uliza waziwazi. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na nimeona koo zikichanga kwa shida kusafirisha mwili kwa kuwa hakuna aliyejua marehemu mwenyewe angeridhika na wapi. Na usidhani ni jambo dogo. Wahehe walingoja tangu 1898 hadi 1954 kurudishiwa fuvu la chifu wao, Mtwa Mkwawa, kutoka Ujerumani, na leo liko Kalenga, Iringa. Watu wa huku hawalali vizuri mpaka wajue mtu wao yuko wapi. Kwa mjane aliyeolewa mbali, swali la kwake au kwa mumewe ni lake yeye kulijibu, si la wajomba.

*Watoto.* Nani atakaa nao, nani atalipa shule. Yule anayetajwa awepo, aitikie mwenyewe.

*Wosia.* Kwa wanaofuata sheria ya mila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje; asiyejua, wanne. Chagueni mashahidi wasiorithi chochote. Wosia uwe na tarehe na sahihi au dole gumba, na unaweza kutunzwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mwislamu hapaswi kungoja hali iwe mbaya: Mtume alifundisha kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa karibu naye, na wasia usizidi theluthi ya mali.

*Kosa la kawaida:* kuandika wosia siku ambayo mgonjwa hajitambui vizuri. Utapingwa, na utapingika. Andikeni mapema, asubuhi, akiwa na nguvu.

Hatua ya 7. Waambieni watoto

Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo iliyoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, na kabla dawa hazijasambaa tulizika wazazi wengi vijana. Msibani ilisomwa "aliugua kwa muda mrefu" basi. Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima, na wengine wananiambia bado hawajui mama alikufa na nini. Walichobaki nacho ni zile siku walizotolewa nje ya nyumba wakacheze.

Kwa hiyo: mtoto aambiwe, na mtu anayemwamini, kwa maneno wazi. "Bibi anaumwa sana. Madaktari wamejaribu, wameshindwa. Atakufa." Usiseme atalala, wala atasafiri. Mtoto wa miaka minne aliyeambiwa mama kasafiri ataomba kupelekwa stendi. Aliyeambiwa kalala ataogopa kulala.

Mtoto ana maswali matatu hata asipoyatamka, nawe yajibu bila kungoja: Je, ni mimi niliyesababisha? (Hapana, hata kama ulimkasirisha.) Na wewe utakufa? (Siku moja, lakini natarajia kuishi nikulee.) Nani atanipikia? (Taja jina.) Halafu ataomba kwenda kucheza mpira. Mwache aende. Watoto huomboleza kwa vipande.

Akitaka kuingia chumbani kwa mgonjwa, mweleze kwanza atakachokiona: bibi amekonda, anapumua kwa sauti. Akitaka kutoka, atoke.

Hatua ya 8. Siku za mwisho

Utajua kwa dalili hizi: anakataa chakula, kisha maji, analala karibu kutwa, miguu na mikono inakuwa ya baridi, ngozi inapata mabaka, pumzi inakwenda haraka, inasimama, inaanza tena, kooni kuna mkoromo. Mkoromo huo unatutesa sisi tunaousikia kuliko yeye. Mgeuze ubavu, mwinue kichwa kidogo.

Msimlazimishe kula. Hili ni gumu kwetu, kwa kuwa kwetu kumpenda mtu ni kumlisha, na shangazi atakuja na uji wa ulezi kwa kijiko. Mwili unaofunga kazi hauombi ugali, na uji ukipita njia ya hewa utampalia. Lowesha midomo kwa kitambaa safi, paka mafuta.

Endeleeni kumsemesha. Utafiti uliofanyika Vancouver, Kanada, na kuchapishwa 2020 uliwapima wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitikii tena, na ubongo wa baadhi yao bado uliitikia sauti. Kwa hiyo msigombanie jeneza chumbani kwake. Mwislamu atamkiwe shahada polepole bila kulazimishwa kuirudia. Mkristo aimbiwe wimbo anaoupenda, si anaoupenda mchungaji.

Wakati mwingine mgonjwa huamka ghafla, anaomba chai, anataja majina ya wote. Familia hupiga simu kwamba kapona. Inaweza kuwa ni saa chache tu. Tumieni hizo saa kukaa naye, si kumkimbiza hospitali.

Akifia nyumbani, mtaarifu mtendaji wa kijiji au mtaa mpate kibali cha mazishi, na kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo, mirathi na mafao vitakwama.

Hatua ya 9. Matanga yakishaanuliwa

Siku za msiba watu wanajaa, wanapika, wanalala sebuleni kwenye mikeka. Huku kwetu Rungwe ya zamani watu walilia na kucheza ngoma hapo hapo, na sioni kama walikosea. Shida inakuja wiki ya tatu, sufuria za kuazima zikisharudishwa. Hapo ndipo mfiwa anapotaka mtu, na hapo ndipo hakuna mtu. Gawaneni siku za kwenda kumwona kwa miezi mitatu angalau. Mtaje marehemu kwa jina. Wengi huogopa kumtaja wakidhani watamkumbusha mfiwa, kana kwamba alikuwa amesahau.

Usimwambie "jikaze". Usimwambie mjane "bado kijana". Mwambie "Nipo, nimekuja kukuchotea maji", kisha uchote.

Huzuni haiendi kwa mstari. Leo analia, kesho anacheka sokoni Mwanjelwa, keshokutwa analia tena. Watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliieleza hivyo mwaka 1999: mfiwa anakwenda na kurudi kati ya kumlilia aliyekwenda na kupanga maisha yaliyobaki, na huko kwenda na kurudi ndiko kumsaidiako. Lakini kama imepita zaidi ya miezi sita, na kila siku bado anashindwa kula, kulima au kuangalia watoto kwa sababu ya kumlilia marehemu, Shirika la Afya Duniani linautambua huo kama ugonjwa wenye tiba. Mpelekeni kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa, kama mngempeleka akivunjika mguu.

Mambo yakikwama

*"Hataki kabisa kuzungumza."* Usishindane naye. Mwambie mara moja: "Ukitaka kusema lolote, saa yoyote, niite." Kisha mhudumie. Wengine husema saa nane ya usiku, wengine humwambia muuguzi mgeni badala yako. Usione wivu.

*"Mchungaji anasema kuzungumzia kifo ni kukosa imani."* Msomeeni Isaya 38. Nabii alimwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu atakufa. Hezekia aliomba, akaongezewa miaka 15. Kuambiwa ukweli hakukumzuia kuomba, wala hakukumzuia Mungu. Kwa hiyo ombeni, na wosia muandike.

*"Ndugu wanataka kujua nani kamloga."* Hili likianza chumbani kwa mgonjwa, litolewe nje mara moja. Mwombeni daktari au muuguzi awaeleze wote kwa pamoja ugonjwa ulivyoanza na kwa nini tiba ilishindikana. Jina la bibi kizee jirani likishatajwa, hatari inahamia kwake: mjulisheni mwenyekiti wa kitongoji mapema, na polisi ikibidi. Watu wameuawa kwa maneno ya namna hii.

*"Anasema bora afe, tumpe kitu."* Muulize moja kwa moja: "Umechoka na maumivu, au unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo jipya. Mara nyingi ni maumivu, au anaona amekuwa mzigo. Mpigieni muuguzi dawa ziongezwe. Kama ana mpango, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Vyovyote iwavyo, leo hii toeni ndani ya nyumba dawa za kupulizia viazi na nyanya. Huku kwetu hukaa chini ya kitanda.

*"Ana hasira, anatutukana."* Kwanza angalia maumivu, choo na usingizi. Pili, pokea: "Kweli baba, ni uonevu." Usimkumbushe unavyojitoa kwa ajili yake.

*"Ametaja mtoto wa nje."* Asante Mungu kataja yeye, si mahakama. Mtafuteni huyo mtoto aje amwone baba yake akiwa hai. Mama mwenye nyumba aambiwe kabla mtoto hajafika mlangoni, na aambiwe faragha.

*"Amefariki kabla hatujasema kitu."* Waulize waliomlaza, waliompikia, mjukuu aliyelala chumbani kwake: mara nyingi alishasema kwa mtu mwingine. Yako uliyobaki nayo yasemee kaburini au yaandike, halafu mtafute mtu mmoja wa kumsomea.

*"Mimi mwenyewe sijalala wiki nzima."* Bandika zamu ukutani leo, majina na usiku, pamoja na wale wa Dar wasioweza kuja: wao watume nauli ya anayekuja kukupokea. Ukipokewa, nenda kalale nyumba nyingine kabisa, na simu mwachie aliyekupokea.